Mkaguzi wa Sauti

Aliyenifunga macho ni binti yangu mwenyewe, sebuleni kwangu Segerea, Jumamosi saa tisa alasiri. Nilikaa kwenye kochi nikijiamini kama mtu aliyeuona mtihani kabla ya kuingia chumbani. Mbele yangu zilisimama spika mbili zinazonifika kifuani, kila moja juu ya matofali yake mawili isitikisike, na katikati kompyuta iliyounganishwa na amplifaya. Binti alitaka kunipigia wimbo mmoja kwa programu mbili za muziki, moja ya bure na moja niliyoinunua, mimi nikiwa sioni, nitambue ni ipi kwa kusikia tu. Nilicheka. Nilimwambia afanye haraka, chai isije ikapoa.

Lakini siwezi kuanzia hapo. Aibu yenyewe ilianza kuiva zamani.

Nimekuwa karani kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua na kuziingiza kwenye majalada, na sikumbuki mtu aliyenisifia kwa hilo. Nilichosifiwa ni masikio. Siku moja kanisani spika ilikoroma katikati ya mahubiri, mafundi wakahangaika nayo, nami nikanyoosha kidole nikasema ni waya wa upande wa kulia umelegea. Ukakutwa umelegea kweli. Ilikuwa bahati tu, lakini watu walinigeukia kwa namna ambayo hawakuwahi kunigeukia, nikaipenda. Tangu hapo nikawa mtu wa sauti. Nikaanza kununua vyombo kimoja kimoja. Wageni waliokuja kunisalimia niliwakalisha kwenye kiti cha katikati, nikawapigia wimbo, kisha nikawauliza wamesikia nini. Wakisema wamesikia wimbo, niliwahurumia.

Mke wangu alikuwa akipita na sufuria yake, anasimama kidogo mlangoni, anasikiliza, anasema hii nzuri au hii siyo, kisha anaendelea na kazi zake. Nilikuwa nikimwambia, mbele za watu, kwamba ana masikio ya jikoni. Watu walicheka. Naye alicheka, na mimi nikadhani amefurahi.

Mwaka jana nikaanza kusoma mtandaoni mambo ya wapenzi wa vyombo vya muziki. Waliandika kwamba hata programu ya kupigia muziki kwenye kompyuta ina sauti yake, kwamba ya kulipia inaondoa pazia lililo kati yako na mwimbaji. Nikainunua. Jioni hiyohiyo nikalisikia pazia likitoka. Nilimwita mke wangu asikie. Akasikiliza, akasema kwake ni ileile ya jana. Nikamrudisha jikoni.

Basi viongozi wa kwaya ya kanisa letu walipoamua kurekodi albamu, walinipa cheo kisichokuwepo kwenye katiba yao: mkaguzi wa sauti. Siimbi mimi. Mke wangu ndiye anayeimba, na ndiye mtunza sare. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kusema pako sawa au hapako sawa. Nilikipokea cheo hicho nikijifanya nasitasita, na usiku ule nililala kwa furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu.

Tulirekodi kwenye studio ndogo Mwenge, nyuma ya mabanda ya wachonga vinyago. Kila mara ilibidi tungoje msasa unyamaze huko nje ndipo fundi abonyeze kitufe. Nilikaa upande wa pili wa kioo na kuwatazama wakiimba. Sauti ya pili, wale akina mama wanaoimba chini kidogo ya sauti ya kwanza, walikuwa watano. Mmoja wao alikuwa mama wa Ukonga. Ndivyo tulivyomwita sote. Ni mjane, mzaliwa wa kusini, anayekaanga vitumbua asubuhi, na yumo kwenye kwaya ile tangu ilipokuwa na watu wanane na ngoma moja. Siku hiyo alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alichelewa kugeuza karatasi ya maneno. Alikohoa mara mbili kwenye kiganja kabla hatujaanza. Hayo yote niliyaona, na nataka ieleweke hivyo: niliyaona.

Fundi alitutumia wimbo wa kwanza wa albamu. Jumapili baada ya ibada viongozi sita walikuja kwangu kuusikiliza. Mke wangu akaandaa chai na maandazi. Nikawakalisha, nikafungua ile programu ya kununua, nikawaeleza kuhusu pazia. Wimbo ukapigwa mpaka mwisho.

Mwalimu wa kwaya, kijana mpole anayefundisha shule ya msingi, akajikuna shingo. Akasema, "Kuna mahali kama panashuka vile, kwenye sauti ya pili. Au mie tu?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilikuwa sijasikia kitu. Nilikuwa nimesikia kwaya inaimba, basi. Nikaomba turudie. Mara ya pili nilifumba macho, na nilipoyafumba nikaiona ile miwani yenye uzi, nikauona ule mkono ukichelewa kugeuza karatasi, na hapohapo nikasikia sauti ikishuka. Sikudanganya. Ningeapa kwamba nimesikia. Nikanyoosha kidole juu kama nilivyonyoosha siku ya waya.

"Ni mama wa Ukonga," nikasema.

Hakuna aliyebisha. Mwalimu alionekana kupumua, maana kutafuta mwenye kosa kulikuwa kazi yake na sasa nilikuwa nimemtua mzigo. Mke wangu, aliyekuwa anakusanya vikombe, alisema taratibu, "Mbona mie naona yuko sawa tu?" Nikamjibu hayo masikio ya jikoni ayaache hukohuko. Watu wakacheka tena.

Kwenye kwaya yetu hatumfukuzi mtu. Tunampumzisha. Mtu akipumzishwa anatangazwa siku ya mazoezi mbele ya wenzake, kisha anairudisha sare yake ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Akiruhusiwa kurudi anakabidhiwa tena. Utaratibu huu uliwekwa kwa ajili ya waliokosa nidhamu. Wa kupumzishwa kwa sababu ya sauti alikuwa ni yeye wa kwanza, na mwalimu akaniomba nitangaze mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesikia.

Nilitangaza Jumatano. Nilisimama mbele nikaongea habari za umri, na jinsi sauti inavyochoka kama mwili unavyochoka, na kwamba siyo kosa la mtu. Mama wa Ukonga alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila hasira, "Ni wapi hasa ninaposhusha, baba, nipate kurekebisha?"

Sikujua ni wapi. Nikasema, "Ni kwa ujumla, mama."

"Kwa ujumla," akarudia, kama mtu anayejaribu kukariri kitu asikisahau. "Haya, baba. Kama wewe umesikia, basi."

Kesho yake alileta sare nyumbani kwetu, kwenye mfuko, imekunjwa vizuri: gauni na mtandio. Mimi nilikuwa kazini. Mke wangu aliipokea lakini hakuiweka kwenye sanduku pamoja na nyingine. Aliiacha juu ya kabati la sebuleni, na nilipomuuliza mbona haihifadhi, alisema ataihifadhi akipata nafasi. Hakupata nafasi.

Wiki iliyofuata kwaya ikarudi Mwenge na kuurekodi wimbo upya na akina mama wanne. Fundi akatutumia. Tukausikiliza kwangu, nikatangaza kwamba sasa umenyooka, na wote wakakubali umenyooka.

Sasa lipo jambo lingine ambalo nisingelisema kama ningeweza kulikwepa. Jumapili moja, mama wa Ukonga akiwa tayari amepumzishwa, nilikaa nyuma yake kanisani. Zilipoimbwa nyimbo za ibada niliinamisha kichwa kidogo mbele nimsikilize. Nikaridhika. Baada ya ibada, watu wamekusanyika nje kwenye mnada wa sadaka, kuku na ndizi na miwa vinapandishwa bei, nikamfuata pale aliposimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Leo umeimba vizuri sana. Nilikuwa nyuma yako. Sauti imetulia, haishuki kabisa. Unaona mapumziko yanavyosaidia?"

Alinitazama kidogo kupitia ile miwani. Akasema, "Asante, baba." Kisha akageuka kutazama mnada, maana walikuwa wamefika kwenye jogoo. Nikaondoka nikiwa nimejipenda.

Binti yangu ni mwalimu wa fizikia, anafundisha sekondari Temeke na anaishi hukohuko. Jumamosi ile alikuja kututembelea. Nami, kama kawaida yangu, nikamkalisha kiti cha katikati na kuanza habari za programu na pazia. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nilipomaliza.

"Baba," akasema, "ukijua ni ipi inapiga, ni rahisi kusikia tofauti. Ungekuwa hujui je?"

"Ningesikia vilevile."

"Tujaribu basi."

Akakata vikaratasi kumi na viwili, sita akaviandika moja, sita akaviandika mbili, akavitumbukiza kwenye kopo tupu la maziwa. Moja ingekuwa programu ya bure, mbili ya kununua. Akaishika simu yake karibu na spika kupima ukubwa wa sauti, akisema lazima zilingane, maana inayopiga kwa nguvu zaidi huonekana nzuri zaidi hata kama siyo. Hilo nililijua, nikamwambia nalijua. Kisha akataka kuweka wimbo. Nikamzuia. Sikupenda mtu aguseguse vyombo vyangu. Niliuchagua mimi mwenyewe, wimbo wa kwaya yetu, kwa kuwa nilikuwa naujua kila kona, nikaufungua kwenye programu ya kwanza, nikaufungua kwenye ya pili, nikarudi kwenye kochi. Binti akatafuta kitambaa cha kunifunga macho. Akachomoa kimoja kwenye mfuko uliokuwa juu ya kabati.

Kilinukia sabuni ya mche na pasi ya mkaa. Sikujiuliza ni cha nani.

Wimbo ulipigwa mara kumi na mbili, kila mara mpaka mwisho wa ubeti wa kwanza. Nikisikia kikaratasi kinachomolewa kwenye kopo, nilikaa vizuri. "Hii ya kununua," nilisema. "Sikia nafasi iliyopo kati yao." Iliyofuata: "Hii ya bure. Imebana, kama wanaimbia kwenye ndoo." Sikusita hata mara moja, jambo ambalo sasa ndilo linaloniuma kuliko idadi yenyewe. Mara ya tano nilifurahi sana. "Hii ya kununua, haina ubishi. Hii inatoa kila kitu, hata makosa. Umemsikia yule mama anavyoshuka hapo? Hiyo ndiyo sababu tulimpumzisha. Ya bure ingemficha." Mara ya tisa nilimsikia tena, nikasema tena. Binti aliandika yote kwenye daftari, maana ndivyo alivyo, anaandika kila kitu.

Tulipomaliza nikautelemsha mtandio shingoni, nikangoja kupongezwa. Alikuwa anahesabu kwa kalamu.

"Sita, baba."

"Sita nilizokosa?"

"Sita ulizopata. Na sita ulizokosa." Alisema kwa upole, akaongeza, "Mtu akibahatisha tu, kwa kawaida anapata kama hizohizo."

Nikasema mtandio ulikuwa umeniziba masikio. Nilisema hivyo kweli, mtu mzima, na ndevu zangu. Nikasema turudie. Binti akainamia kompyuta kuhakikisha kila kitu kiko sawa kabla ya kurudia.

"Baba, umeweka nyimbo mbili?"

"Wimbo ni mmoja."

"Jina ni moja. Lakini huku imeandikwa moja mwishoni, na huku imeandikwa mbili. Na dakika hazilingani."

Niliinuka nikaenda kutazama. Kwenye programu ya bure nilikuwa nimeweka wimbo uliorekodiwa kwanza. Kwenye ile ya kununua nilikuwa nimeweka uliorudiwa. Fundi ndiye aliyeweka hizo namba asichanganye, nami niliyefungua kwa mikono yangu mwenyewe sikuzitazama. Kwa hiyo kwa muda wote ule sikuwa nalinganisha programu mbili. Nilikuwa nasikia rekodi mbili tofauti, siku mbili tofauti, waimbaji tofauti, na sikujua. Pungufu mtu mzima mmoja, na sikujua.

Binti alipitisha kidole kwenye daftari lake. "Ile ya tano ulipatia," akasema, akijaribu kunifariji. "Kweli ilikuwa ya kununua. Na ya tisa pia. Zile ulizosema kuna mama anashuka. Mama gani?"

Ya kununua ilikuwa ile iliyorudiwa. Mama wa Ukonga hakuwemo. Nilikuwa nimemsikia akiharibu wimbo ambao siku uliporekodiwa alikuwa kwake anakaanga vitumbua.

Aliyemjibu alikuwa mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Kumbe hamkuwa mnabadilisha makusudi?" akasema. "Mie huko jikoni nikajua ndiyo mchezo wenyewe. Moja yumo, moja hayumo, moja yumo."

"Umejuaje?" binti akauliza.

"Si anasikika? Pale mwisho wa beti anachelewaga kufunga neno. Wenzie wakishamaliza yeye anaacha kama pumzi hivi. Ndiyo utamu wenyewe. Hiyo nyingine imekatika tu."

Kisha akanijia, akaufungua ule mtandio shingoni kwangu bila kunitazama usoni, akaukunja mara nne. "Huu ni wa kwake," akasema. Akaurudisha juu ya kabati.

Niliona aibu. Nimeshawahi kuona aibu za aina nyingi, ya kuanguka mbele za watu, ya kusahau jina la mkwe, lakini hizo hupita ukicheka nazo. Hii ilinikaa kifuani. Binti alinieleza kwamba siyo mimi tu, kwamba watu wengi wakijua kilichopo wanasikia wanachokitarajia, na ndiyo maana wanaopimwa hufungwa macho. Alimaanisha vizuri. Lakini mimi nilikuwa nawaza kwamba siku ya Mwenge nilikuwa nyuma ya kioo, na macho yangu yalikuwa wazi.

Nilitamani kuandika kwamba siku ya pili yake nilikwenda Ukonga. Sikwenda. Nilimwomba binti jambo lile libaki palepale sebuleni, naye akakubali, na jinsi alivyokubali haraka ilinionyesha kwamba amenionea huruma. Wiki mbili zikapita. Kwenye kundi la simu la kwaya walikuwa wanapanga uzinduzi wa albamu: nani ataalikwa, watavaa nini, nani atanishukuru mimi kwa niaba ya kwaya. Niliandika "Amina" chini ya hilo la mwisho. Vyombo vyangu nilivifunika kwa shuka, nikisema ni vumbi.

Mke wangu hakunisema. Alipika, akaenda mazoezini, akarudi. Jioni moja, zimebaki siku chache kabla ya uzinduzi, alishusha ule mfuko kutoka kabatini, akauweka mezani karibu na sahani yangu.

"Kesho Jumamosi," akasema. "Hufanyi kazi."

Nikaenda. Nilimkuta mama wa Ukonga ameketi barazani kwake kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo kwa ajili ya vitumbua vya kesho. Nilimwamkia, akaitikia, akaniletea kiti, akaniuliza habari za mke wangu na za binti na za kazini, moja moja, nami nikamjibu moja moja huku mfuko uko magotini kwangu na yeye ameshauona.

"Mama," nikasema hatimaye, "nimekuja kukuomba radhi. Nilisema umeshusha sauti. Sikusikia hivyo. Nilidhani tu nimesikia."

Nikamweleza yote: programu, vikaratasi, kopo la maziwa, mtandio wake machoni pangu. Sikuruka kitu, hata lile la kusema masikio yameziba. Alisikiliza huku anachambua. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa, baba, nilishusha au sikushusha?"

Nilitaka kusema hukushusha. Lilikuwa jibu zuri, na lingetupumzisha wote wawili. Lakini hilo nalo ningekuwa nalibuni.

"Sijui, mama," nikasema. "Mie siwezi kujua."

Akatikisa ungo kidogo. "Mie mwenyewe nilikuwaga nasema sijashusha. Usiku nikilala naimba moyoni, naona mbona iko palepale. Halafu nasema, lakini yule kasikia, ana mitambo yake. Mtu na mitambo yake atasingizia ya nini?"

Nikausogeza mfuko magotini.

"Hata kanisani sijaimbaga tena," akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya mchele. "Nikasema kama naharibu kwaya, si nitaharibu na ibada ya watu? Basi nafumbua mdomo tu. Nafuata maneno. Mungu anajua nasema nini."

Nilihisi damu ikinipanda mpaka masikioni, hayohayo masikio. Niliukumbuka mnada, jogoo, ile miwani ikinitazama. Alikuwa anakumbuka na yeye. Niliona anakumbuka, na niliona kwamba hatasema, kwamba ataniachia jambo hilo nilibebe au nilitupe nipendavyo.

"Na mie nikakusifia," nikasema.

"Ulinisifia," akasema, na akarudi kwenye mchele wake.

Nikamwekea mfuko miguuni, nikamwomba arudi kwenye kwaya, nikamwahidi nitamweleza mwalimu. Akautazama mfuko bila kuugusa.

"Uliniambia mbele za watu, baba. Na hili lisemee hukohuko."

Jumatano nikasimama palepale niliposimama mara ya kwanza. Alikuwa amekuja na sare yake kwenye mfuko, amekaa benchi la nyuma kama mgeni. Niliwaeleza. Nilipofika kwenye zile mara mbili nilizomsikia kwenye wimbo asiouimba, kijana mmoja wa besi akaguna, mwingine akacheka na kuficha uso. Niliwaacha wacheke. Niliwaambia cheo nakirudisha, na kwamba kama wanataka mtu wa kusikiliza, yupo mstari wa pili, anaitwa mtunza sare, naye nimemdharau mbele yao mara nyingi. Mke wangu akainamisha kichwa. Mwalimu akajikuna shingo, akasema kwa sauti ndogo, "Basi labda kilichoshuka kilikuwa kinanda." Kisha akamwita mama wa Ukonga aje mahali pake.

Alivaa mtandio hapohapo, juu ya nguo zake za kawaida. Akina mama wakamsogelea, mmoja akamrekebishia pindo. Akasimama karibu na mke wangu. Mwalimu akahesabu, kwaya ikaanza.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungwa pamoja na wenzake. Nikafumba macho nimtafute. Niliisikia kwaya nzima, kinanda, besi, feni ya juu inavyogonga. Nilingoja mwisho wa ubeti, pale neno linapochelewa kufungwa na kuacha pumzi, nikakaza masikio mpaka kichwa kikauma. Ubeti ukaisha. Ukaja mwingine, nao ukaisha. Nikajisemea kwamba hata sasa, hata baada ya yote, bado sisikii kitu, na kwamba mwanamke yule anaimba kwa moyo wake wote hatua ishirini kutoka kwangu na mimi nimesimama kama gogo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mke wangu. Nilingoja mpaka tukapita kona ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Sikumsikia," nikasema. Nilikuwa sijawahi kumwambia hivyo tangu tuoane. "Nilisikiliza mpaka mwisho, sikumsikia kabisa."

"Basi leo umesikia sawasawa," akasema. "Hajaimba."